Pingamizi la Siku ya Sita

Mzee Kamusi alipinga tena siku ya sita.

Mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye meza ya kulia chakula, kompyuta mbele yake, chai imepoa mpaka imefanya utando juu, nami nipo kwenye kochi nachambua mchele kwenye sinia. Nilimsikia tu anavuta pumzi kwa pua, anaishusha, halafu anasema neno moja moja, kama nesi anayemsomea mgonjwa maelekezo ya dawa:

"Bibi. Amepinga. Tena."

"Si mlikuwa mmebakiza siku moja?"

"Tulikuwa tumebakiza siku moja."

"Na sasa?"

"Sasa tunaanza kuhesabu upya."

Nikaweka sinia chini. Mimi ni mtu wa subira, nimelea watoto wangu na wa wenzangu, lakini kuna kusubiri na kuna kuchezewa.

Nieleze kwanza jambo lenyewe, maana hata mimi lilinichukua muda kulielewa, na aliyenielewesha ilibidi arudie. Mjukuu wangu anaandika kitabu. Si kitabu cha hadithi. Ni maelezo ya mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayoamka kwanza ukiwasha kompyuta, ikazisimamia programu nyingine zote. Aliniambia hivi: programu ndogo hairuhusiwi kugusa kitu chochote cha mashine kwa mkono wake, si diski, si kioo, si kumbukumbu. Ikitaka kitu lazima iende dirishani. Nyuma ya dirisha yupo mkubwa, wanamwita kiini. Programu inapeleka ombi, inasubiri, inapewa jibu: umepata, au umekosa na sababu ni hii.

"Kama posta," nikamwambia.

"Kama posta, Bibi. Ila hapa ukijaza fomu vibaya, jengo lote linaweza kukuangukia."

Maombi hayo wanayaita miito ya mfumo, na kila mwito una ukurasa wake: unaitwaje, unataka upewe nini, unarudisha nini, unaweza kukwama wapi. Majina yenyewe ya miito hayaguswi, kwa sababu mashine inayajua hivyo hivyo yalivyo. Kinachoandikwa kwa Kiswahili ni maelezo yote yanayoyazunguka, ili kijana wa chuo asome kwa lugha anayogombana nayo na ndugu zake nyumbani.

Sura yake mjukuu ilikuwa ya tano, na hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi. Inahusu programu moja inapofanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Alinipa mfano wa nyumba: watu kadhaa, jiko moja, kabati moja la vyombo. Mmoja anapika, mwingine anafua, wa tatu anapokea wageni, na wote wanachota maji kwenye pipa moja. Wasipoelewana, wawili watatia vikombe pipani kwa mpigo na maji yatamwagika. Sasa kila mmoja wa hao wanaofanya kazi ndani ya programu lazima awe na jina. Na jina ndilo lililowashinda watu wazima watatu.

Mjukuu wangu alimwita mkondo. Kwa sababu unakwenda, alisema, una mwanzo na una mwendo, unaweza kusimamishwa na kuachiwa.

Mzee Kamusi alimwita uzi. Huyu ni mwalimu mstaafu wa lugha aliyejifunza kompyuta akiwa na mvi, na akaipenda kama watu wanavyopenda kitu walichokipata kwa kuchelewa. Kwa nini uzi? Kwa sababu nyuzi nyingi ndizo zinazofanya kitambaa kimoja. Na mkondo, alisema, tayari lina kazi: kwenye sura ya pili ya kitabu hicho hicho, maneno yanayotiririka kutoka programu moja kwenda nyingine yanaitwa mkondo wa data.

"Basi huo wa data uitwe mtiririko," mjukuu akasema.

"Sura ya pili nimeshaifunga," akasema wa tatu wao, Dada Injinia, ambaye ndiye kiongozi. "Siifungui hata kwa bunduki. Na nyote wawili mnapoteza muda. Huku kazini kila mtu anasema tredi. Andikeni tredi, tulale."

Kwa hiyo sura ya tatu ya Mzee Kamusi ilisema uzi, ya tano ilisema mkondo, ya saba ya Injinia ilisema tredi, na kila mmoja alikuwa na sababu ambayo ukimsikiliza peke yake unamuunga mkono.

Walijiwekea kanuni. Mtu akipendekeza neno moja litumike kote, wenzake wana siku saba. Asipotokea wa kupinga, neno limepita. Akitokea, wanajadiliana, na siku saba zinaanza upya. Kanuni nzuri kabisa, kwa watu wenye haya. Mzee Kamusi hupinga siku ya sita kila mara, kwa sababu, anasema, siku tano za mwanzo huwa anatafakari. Njia ya mkato ilikuwa moja tu: wote watatu waseme "nakubali" kwa sauti zao kwenye simu moja.

Na Ijumaa ya wiki ile, saa kumi alasiri, wenye mfumo, yaani wanaoutengeneza, walikuwa wanafunga mlango. Toleo jipya hutoka mara moja kwa mwaka, na kitabu huwekwa humo ndani, kikaenda vyuoni pamoja nalo. Walishasema wazi: sura isiyotumia maneno yale yale na wenzake itaachwa nje. Sura ya tatu na ya saba zilitaja jambo hilo kwa kupita tu, zingerekebishwa kwa muda mfupi. Ya tano ndiyo ilikuwa jambo lenyewe. Ikiachwa, imeachwa kazi yote ya mjukuu wangu, mwaka mzima mwingine. Hakuna ukurasa mwingine wowote wa kitabu kile ulioandikwa na yeye peke yake.

*

Jumanne akapiga simu mwalimu wa chuo cha ufundi, kijana mchangamfu anayewafundishia wanafunzi wake rasimu za akina mjukuu kabla hazijakamilika. Mjukuu akamweka kwenye spika ili aendelee kuandika.

"Dada, nina swali dogo tu. Nimewapa wanafunzi mtihani wa majaribio kutoka kwenye rasimu zenu."

"Vizuri, mwalimu."

"Swali la nne linasema: eleza tofauti kati ya uzi, mkondo na tredi."

Mikono ya mjukuu ikasimama juu ya kibodi.

"Majibu nimeshayaandaa," kijana akaendelea, "ila nilitaka kuhakikisha. Uzi ndio mwepesi, sivyo? Mkondo mzito kidogo. Halafu tredi inawasimamia wote wawili."

"Mwalimu. Hayo umeyatoa wapi?"

"Kwenu! Nikasema hawa watu ni makini, hawawezi kutumia maneno matatu bure bure. Nikakaa, nikalinganisha sura, nikaona kila mahali mnaposema mkondo panakuwa na maelezo mengi, nikasema aha, huyu ndiye mzito. Nimechora na jedwali."

"Ni kitu kimoja."

"Kimoja vipi?"

"Kimoja. Kile kile. Ni sisi hatujakubaliana."

Nikasikia kwa mbali kiti kinaburutwa.

"Dada, usinitanie."

"Natamani ningekuwa nakutania."

"Kuna mwanafunzi mmoja ameandika hakuna tofauti. Nimempa sifuri."

"Mrudishie zote."

"Na hawa wengine darasa zima, walioeleza tofauti vizuri kabisa, kwa mifano? Kuna mmoja amechora mpaka picha ya tredi akiwa na kofia ya msimamizi!"

Hapo nilishindwa. Nilicheka mpaka mchele ukamwagika kwenye kochi, na bado mpaka leo nikiinua mito naokota punje. Mjukuu hakucheka. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye vidole viwili, macho amefumba.

"Chagueni moja, Dada," kijana akasema, na sasa sauti yake haikuwa na uchangamfu. "Lolote. Mkitaka mliite kijiko, nitalifundisha. Ila liwe moja. Mimi nasimama mbele ya watu."

Simu ilipokatika, mjukuu aliisukuma kompyuta kando. Halafu akasema, bila kunitazama, "Naliacha."

"Unaacha nini, mama? Kazi?"

"Mkondo. Naliacha neno langu. Nachukua lake Mzee. Injinia hajali, hata ukimwambia kijiko. Kesho nawapigia wote wawili, tunasema nakubali mara tatu, yameisha."

Lile neno alikuwa ameishi nalo. Nimeshamsikia akiliongea peke yake bafuni.

*

Jumatano, saa nne asubuhi, simu ikawekwa katikati ya meza imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Mimi nilikuwa napiga pasi pembeni, na nilishaonywa nisitie neno.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Binti Mkondo. Umeamka na hoja gani leo?"

"Sina hoja. Nimekuja kukubali uzi."

"Eh!" akasema Injinia. "Rudia, nirekodi."

"Uzi. Sura zote. Nakubali."

"Na mimi nakubali," Injinia akadakia haraka, kama anayewahi kiti. "Mzee, bado wewe. Sema nakubali nikaendelee na kikao changu."

Mzee Kamusi akakohoa. Ukimsikia anakohoa vile, ujue umekwisha.

"Binti, kwa nini?"

"Kwa nini nini, Mzee?"

"Kwa nini unakubali? Wiki iliyopita uliniandikia kwamba uzi umelala tu, hauendi popote, unafaa kwa vifungo. Nimekariri. Leo umeamka, uzi ni mzuri. Nimekushawishi kwa hoja ipi?"

"Hukunishawishi. Ijumaa mlango unafungwa."

"Basi sikubali."

Nikaisimamisha pasi wima.

"Mzee," Injinia akasema, "ni neno lako."

"Ndiyo maana. Neno langu lisipokelewe kwa sababu watu wamechoka. Neno linalokubaliwa kwa uchovu halidumu. Aniandikie ukurasa, aeleze sababu. Nikiona amesadiki, nitakubali."

"Siwezi kuandika nisichokisadiki," mjukuu akasema. Sauti ilikuwa imeanza kupanda.

"Basi unaona? Bado hatujakubaliana."

Sasa nauliza, wewe ungefanyaje? Nilikuwa nimeonywa, najua. Lakini nimesikia mambo hayo kila siku kupitia kwenye ile spika, nikipika nayasikia, nikifagia nayasikia, na mtoto wa watu yuko pale anavunja moyo wake vipande ampe mtu mzima, na mtu mzima anauliza mbona vipande havilingani. Nikasogea mezani.

"Wewe mzee mwenzangu," nikasema, "umeposa mwaka mzima. Leo binti amesema ndiyo. Unamuuliza kwa nini? Ungekuwa na akili ungekuwa umeshaleta kitanda!"

Injinia akapasuka kicheko. Nikasikia na watu wengine ofisini kwake wakicheka.

Mzee Kamusi hakucheka. "Huyo ni nani?"

"Ni Bibi yangu, samahani Mzee, alikuwa anapita tu..."

"Sikujua mikutano yetu ina watazamaji. Mchana mwema."

Akakata.

Mjukuu akanigeukia polepole. "Bibi. Nilikuomba kitu kimoja."

"Nilikuwa nasaidia."

"Umesaidia sana." Akachukua kompyuta yake akaingia nayo chumbani, akafunga mlango, si kwa kishindo, na afadhali ingekuwa kishindo. Shati nililokuwa napiga pasi likabaki na mkunjo mmoja begani ambao sikuurudia. Nilikuwa nimejikasirikia, na nilikuwa nimemkasirikia yule mzee, na sikujua nianze na nani.

*

Alhamisi nzima hakutoka ila kula. Alasiri akaja na karatasi moja, akanipa nisome. Hakuwa ameninunia tena, au alikuwa ameahirisha.

Aliandika bila kupamba. Kwamba bado anaona mkondo ni neno bora kwa kazi hii, na hatalisema vingine. Kwamba Mzee ana haki juu ya jambo moja, nalo ni kwamba mkondo limeshatumika kwa data, na msomaji atachanganyikiwa. Kwamba kuna darasa zima limefanya mtihani likaeleza tofauti kati ya kitu na kitu hicho hicho, na aliyesema kweli amepewa sifuri. Mwisho akaandika: "Nakubali uzi ili jambo hili lisitokee tena. Hiyo ndiyo sababu yangu, sina nyingine."

"Iko sawa?" akaniuliza.

"Hujamsifu hata kidogo."

"Sikumsifu."

"Peleka."

Akaituma. Tukasubiri. Jioni likaja jibu la Mzee Kamusi, maneno mawili: "Sina pingamizi."

Nikashangilia, nikainuka nikaweka mikono yangu kiunoni nikacheza kidogo. Mjukuu akampigia Injinia. Nikamsikia anasikiliza, anasikiliza, halafu anasema, "Wewe dada, unanitania."

Injinia hakuwa anatania. Kanuni inasema "sina pingamizi" inaanzisha siku saba za kusubiri. Kinachopita hapo hapo ni "nakubali", kwa sauti, kwenye simu, wote watatu. "Nikiikiuka leo," akasema, "kesho Mzee mwenyewe ndiye atakayekuwa wa kwanza kunikumbusha. Unamjua."

Walimpigia Mzee. Hakupokea. Wakapiga tena. Simu iliita mpaka ikachoka.

"Si uanze kubadilisha sasa hivi?" nikamuuliza mjukuu. "Akija kukubali, unakuwa umeshamaliza."

"Nimeshaibadilisha sura hii yote nikairudisha, Bibi, wakati ule tulipodhani tredi imepita. Nikibadilisha tena asipokubali, sitakuwa na moyo wa kuirudisha. Nitaitupa dirishani na kompyuta yake."

*

Ijumaa asubuhi hakupokea pia. Saa nne ikapita. Mjukuu alikuwa anazunguka meza na simu mkononi.

"Lete hiyo namba," nikasema.

"Bibi, hapana."

"Hakununii wewe. Ananinunia mimi. Lete."

Nikapiga kwa simu yangu ya vibonye, namba asiyoijua. Akapokea mara ya kwanza, unaona watu walivyo. Mjukuu naye akampigia Injinia kwa simu yake, akaiweka karibu na yangu, spika kwa spika.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi. Yule wa posa."

"Umenidhalilisha mbele ya vijana," akasema.

"Nimekudhalilisha. Niwie radhi, mzee mwenzangu. Ulimi wangu haukuwa na kazi ya kuwa pale. Sasa sema nakubali."

"Hiyo ndiyo radhi yenyewe?"

"Ninayo nyingine ndefu, nitakuletea kesho. Leo mlango unafungwa saa kumi."

Akatoa sauti fulani puani. Sikujua kama ni kicheko. Halafu akaongea taratibu, si sauti yake ile ya mikutano. "Mama, mimi nimefundisha mpaka nikastaafu. Unajua watu huwa wananikubalia vipi? Ili ninyamaze. Darasani, ofisini, hata nyumbani kwangu. 'Sawa mwalimu, sawa mwalimu.' Nilitaka mara moja mtu aseme, Mzee, nimeona ulichokiona."

"Amekwambia una haki juu ya ule mkondo wa data," nikasema. "Nimeisoma karatasi kwa macho yangu. Ameandika una haki. Kwa uzi wenyewe hakuona ulichokiona, na hatakiona leo. Utamsubirisha mwaka?"

Nikamsikia anapumua. Nyuma yake redio ilikuwa inasoma habari.

"Nakubali," akasema. "Kwa shingo upande."

"Shingo upande haimo kwenye kanuni," Injinia akasema kutoka kwenye ile simu nyingine.

"Na huyo naye yupo! Kumbe mmenizingira!"

"Mzee, nakuomba. Neno moja."

"Nakubali."

"Nakubali," Injinia akasema.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti. "Nakubali," akasema mara ya pili, na likatoka dogo kama la mtoto anayekubali sindano.

*

Injinia alisema abadilishe kwa mashine: unaiambia kompyuta kila palipo mkondo iweke uzi, dakika moja imekwisha. Mjukuu akasema akifanya hivyo atapata sura isiyosomeka. Kwanza ile mikondo ya data ni halali yake, lazima ibaki, na imechanganyika humo humo: mahali pengine mkondo mmoja unachota kutoka kwenye mkondo mwingine, sentensi moja, na mmoja tu ndiye wa kubadilishwa. Halafu kuna wingi. Mikondo yote inasubiri. Ukibadilisha neno peke yake unapata "nyuzi yote inasubiri", na hapo Mzee Kamusi angekufa papo hapo. Kila neno linalofuata lazima lifuatishwe, mpaka nukta.

Basi akachapisha sura yote. Printa yetu hula karatasi mbili pamoja ikipata nafasi, kwa hiyo nilisimama pale nikiilisha moja moja. Nikaketi na penseli nyekundu na miwani yangu ya kusomea. Kazi yangu ilikuwa kuzungushia duara kila mkondo na kila mikondo ninayoiona, niwe nimeelewa au sijaelewa. Sikuwa nimeelewa. Nikimaliza ukurasa nampa, yeye anatazama duara zangu, anasema "huyu, huyu, huyu wa data muache, huyu," na anabadilisha kwenye kompyuta. Hatukula mchana. Jirani alibisha hodi, akaona nyuso zetu, akasema atarudi.

Palikuwa na ukurasa mmoja uliomkwamisha. Alikuwa ameandika, zamani alipokuwa na furaha, kwamba mkondo ukiitwa kusubiri husimama kama maji nyuma ya ubao, na ukiachiwa huendelea pale pale ulipofikia. Akaitazama sentensi ile. Uzi haufanyi hivyo. Uzi hausimami kama maji.

"Ndiyo sentensi nzuri kuliko zote," akasema.

"Ibadilishe."

"Najua, Bibi."

"Saa tisa na nusu hii."

"Nimesema najua!"

Akaifuta. Akaandika kwamba uzi ulioitwa kusubiri haufanyi kazi mpaka uachiwe, na ukiachiwa huendelea pale ulipoishia. Ilikuwa sahihi. Ilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Akapiga kibodi kwa nguvu hata kikombe kikatikisika, akaendelea.

Alituma saa kumi kasorobo. Tukakaa tunaitazama kompyuta kama watu wanaosubiri daktari atoke. Kabla ya saa kumi kamili likaja jibu la wenye mfumo: imepokelewa, sura ya tano imeingizwa kwenye toleo.

Nikampiga bega. "Haya! Imeingia!"

"Imeingia," akasema.

"Mbona hufurahi?"

"Sijui. Nimechoka kumchukia yule mzee, na sasa sina hata sababu ya kumchukia. Hiyo nayo inaudhi." Akajisugua macho kwa viganja. "Nimetoa kitu changu, Bibi, na hakuna aliyeninyang'anya. Nimempa mwenyewe. Sasa nitamlalamikia nani?"

Nilitaka kumwambia nilalamikie mimi, lakini nikaona nimeshasema ya kutosha wiki ile. Nikaanza kukusanya karatasi zilizotapakaa, zenye duara nyekundu kama mtoto aliyetoka tetekuwanga.

Akanawa uso, akarudi, akafungua ukurasa wa kwanza wa sura. "Nisikilize," akasema. "Nataka nisikie inavyolia."

Akasoma kwa sauti. Mstari wa pili ulimi ukamponyoka akasema mkondo; akasimama, akarudi, akasema uzi. Aya iliyofuata, tena. Sikumsahihisha. Akavuta kiti karibu zaidi, akaanza upya kutoka juu, kwa sauti ya mtu aliyekasirika anayesoma hukumu yake mwenyewe, na safari hii akafika chini ya ukurasa bila kukosea. Halafu akafunua wa pili.